Kabla ya Kupandisha Dishi Juu ya Nyumba



Chama chetu kimeletewa ombi ambalo halijawahi kufika mezani kwetu. Baadhi ya wanachama wanataka fedha za mfuko wa kusaidiana, zile tunazozitoa kidogo kidogo kwa ajili ya wagonjwa, misiba na ada za watoto wa sekondari, zikopeshwe kwa nyumba zinazotaka kununua dekoda na dishi kabla ya Kombe la Dunia, litakaloanza tarehe 11 Juni 2026. Wengine, hasa vijana, wanasema televisheni imepitwa na wakati, na kwamba heri mfuko ununue chombo cha intaneti ya setilaiti. Wazee kadhaa wanavikataa vyote viwili na kutaka tuendelee na redio. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Sisi tuliopewa kazi ya kuandaa ukurasa huu hatutaficha tunavyofikiri: fedha za wagonjwa zisikopeshwe kwa ajili ya televisheni ya nyumba ya mtu, iwe kubwa au ndogo, lakini intaneti ya pamoja, ikiwekwa penye kanisa kwa masharti yanayoeleweka, inastahili mchango wake wa pekee.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la dekoda liingie katika ukurasa wa tafakari. Kanisa halikuanza leo kulishughulikia. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kumbukumbu ya usiku wa Noeli ambapo mtakatifu huyo, akiwa mgonjwa kitandani, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano. Hati hiyo haisemi na watangazaji peke yao. Inamgeukia pia anayetazama, inamkumbusha kwamba yeye ndiye anayechagua, na kwamba fedha anazotoa zaweza kuwatia nguvu watu wasiotafuta kitu isipokuwa faida. Basi mzazi anayelipa abonemani kila mwezi anafanya tendo la dhamiri, hata kama analifanya kwa simu, kwa dakika moja, akiwa sokoni.

Kabla ya kulinganisha majina ya makampuni, tuelewe kwanza kinachouzwa, kwa maana vitu viwili tofauti vinauzwa kana kwamba ni kimoja.

Televisheni ya dishi ni kama mvua. Setilaiti inayotuletea picha imekaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, nayo inamwaga picha zilezile kwa wakati mmoja juu ya Lubumbashi, Kasenga, Kilwa na Pweto. Dishi la jirani halipunguzi hata tone moja la dishi lako. Ikitazama nyumba moja au zikitazama nyumba milioni, gharama ya kuirusha picha ni ileile. Kwa hiyo siku mwezi unapokwisha na kioo kikabaki cheusi, picha haijaacha kuanguka juu ya dishi lako. Kilichofungwa ni kufuli lililo ndani ya dekoda. Hatusemi kwamba kufuli hilo ni dhuluma. Haki ya kuonyesha michezo imenunuliwa kwa fedha nyingi, wafanyakazi wa kamera na wa studio wanastahili ujira wao, na anayelivunja kufuli kwa kadi ya wizi anavunja amri ya saba, hata akijitetea kwamba kampuni ni tajiri. Tunasema tu kwamba mnunuzi ajue analipia ufunguo. Na swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe idadi ya chaneli. Tumwulize: siku ufunguo utakapokwisha muda wake, ni chaneli zipi zitakazobaki zikionekana? Wapo wanaoacha chache zikiwa wazi, wapo wanaofunga mlango wote. Katika nyumba ambayo mapato yake hufuata mavuno na samaki, miezi ya kufungiwa itakuwa mingi, na tofauti hiyo ina uzito kuliko chaneli hamsini za ziada ambazo hakuna atakayezitazama.

Intaneti nayo ni kama kisima. Maji ni yale yaliyomo, na wote wanayateka humohumo. Jioni watu wanapokusanyika, kamba inakuwa nzito na ndoo inapanda nusu. Mnara wa simu una kiasi chake cha kugawa. Setilaiti ya intaneti vilevile. Ndiyo maana matangazo ya makampuni yanayotaja kasi kubwa husema ukweli wa asubuhi na kunyamaza juu ya jioni. Mwenye kutaka kulinganisha asijaribu mtandao saa nne asubuhi mbele ya muuzaji. Aende kwa jirani mwenye mtandao huo baada ya jua kuzama, wakati kijiji kizima kiko macho, ajaribu hapo.

Tukija kwenye majina, mtu anayetoka Kasomeno kwenda Lubumbashi kutafuta dekoda hukutana hasa na Canal+, StarTimes na DStv. Canal+ ilianza Ufaransa mwaka 1984, na kwetu ndiyo inayojulikana zaidi kwa mpira na kwa filamu za Kifaransa. StarTimes ni ya Wachina, ilianzishwa mwaka 1988, na imejipatia jina Afrika kwa bei ndogo na kwa mradi uliotangazwa na serikali ya China mwaka 2015, wa kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika. DStv ni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya vipindi vyake ni Kiingereza. Wengi bado wanabishana kati ya ya kwanza na ya tatu kana kwamba ni wapinzani. Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuinunua MultiChoice. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine kwa hasira amebadilisha mlango tu. Mwenye nyumba ni yuleyule. Wapinzani wakipungua sokoni, mnunuzi wa kijijini ndiye anayebaki bila mahali pa kukimbilia bei zikipanda, hasa kwetu ambapo bei hutajwa kwa dola na fedha tunayoipata ni faranga.

Juu ya mpira tuseme kidogo, kwa sababu ndio ulioleta ombi hili. Hatumo katika kundi la wanaoudharau. Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe ilipocheza na Inter Milan huko Abu Dhabi fainali ya vilabu bingwa vya dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, Katanga nzima ilikuwa mbele ya televisheni, na kufungwa mabao 3 kwa 0 hakukuifuta furaha ile. Tarehe 7 Februari 2024, katika nusu fainali dhidi ya Kodivaa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki wakati wa wimbo wa taifa, ili dunia ikumbuke wanaouawa mashariki mwa nchi. Picha ile ilikuwa hubiri. Katika siku zilezile Wakongomani wengi waliilaumu Canal+ kwamba inaficha mabango ya mashabiki, nayo ikajibu kwamba picha zinatoka kwa mtayarishaji wa mashindano. Aliyekuwa na haki katika ubishi huo si neno letu leo. Tuliloliona ni kwamba mtazamaji, hata akilipa kifurushi cha juu kabisa, hanunui haki ya kuamua kamera iangalie wapi. (Mshangiliaji wetu aliyesimama bila kutikisika mithili ya sanamu ya Lumumba, katika Kombe la Afrika la Moroko, watu wengi hapa walimjua kwanza kwa picha ya simu kabla ya kumwona kwenye televisheni.)

Kombe la mwaka huu litakuwa na timu 48 na mechi 104, nalo litachezwa Marekani, Kanada na Meksiko. Kwa tofauti ya saa, mechi nyingi zitaanguka kwetu kuanzia magharibi mpaka karibu na mapambazuko. Wazazi wapime jambo hili kuliko bei ya dekoda. Mtoto asiyekuwa na televisheni nyumbani ataifuata kwenye kibanda cha video, atatembea barabarani gizani, akirudi usiku wa manane au asirudi mpaka kuche, huku mitihani ya mwisho wa mwaka ikiwa imekaribia au inaendelea. Mama mmoja wa jumuiya yetu ametuambia, na neno lake limetugusa kuliko hoja zote za vijana: yeye hapendi mpira hata kidogo, ila anataka dishi ili binti zake wawe mbele ya macho yake. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaosema televisheni huharibu watoto hawajaijibu. Baadhi ya vibanda hivyo, tuseme hapo hapo, hutoza kiingilio kwa dekoda iliyolipiwa kama ya nyumbani. Masharti ya dekoda ya nyumbani hayaruhusu jambo hilo, na mwanachama wetu mwenye kibanda ayasome masharti hayo kwa utulivu.

Sasa twende kwenye simu, ambako, kwa maoni yetu, ndiko fedha za kijiji zinakopotea bila mtu kuziona.

Watu wa Kasomeno wakiulizwa kama wana intaneti nyumbani, hujibu hapana. Lakini kila nyumba inanunua mega. Tufanye hesabu ya nyumba moja ya kufikirika. Baba, mama na kijana mkubwa, kila mmoja ananunua mega za faranga 500 kwa siku. Kwa siku ni faranga 1,500. Kwa siku 30 ni faranga 45,000. Kiasi hicho mara nyingi hupita bei ya kifurushi cha chini cha televisheni, na nyumba ikiulizwa itaapa kwamba haina uwezo wa kulipa abonemani. Haidanganyi, haijawahi kuziona faranga 45,000 zikiwa pamoja. Maskini hununua kwa kijiko, na bei ya kijiko siku zote huwa juu kuliko ya gunia. Tunalijua hilo kwa mafuta ya kupikia, kwa sukari na kwa makala; mega hazitofautiani nayo. Zaidi ya hapo, mega za siku moja hufa usiku hata kama hazikutumika, kama bukari iliyolala.

Wala tusisahau kwamba katika unite mtu anaweza kukatwa bila kuelezwa. Tangu mwaka 2020 hadi ilipoondolewa mwaka 2022, tozo ya RAM ilikatwa katika unite za simu nchi nzima, na wengi vijijini walidhani simu zao zimeharibika. Ilichukua kelele za wananchi na za wabunge kuiondoa. Katika hesabu ya huduma yoyote, tuulize pia kama makato yake yanaonekana.

Kuna njia ya kupunguza matumizi ambayo haihitaji kampuni mpya. Video ya saa moja, hata isiyo safi sana, hula mega 700 au zaidi. Sauti ya saa moja, ikirekodiwa kwa kiasi cha kawaida cha mahubiri na mazungumzo, haifiki mega 15. Yaani kwa gharama ya kutazama Misa moja kwa video, mtu angeweza kusikiliza Misa karibu hamsini kwa sauti. Kwa mgonjwa anayetaka kusikia Injili na mahubiri ya Jumapili, sauti yatosha, na hata hiyo inaweza kurekodiwa hapa kanisani na kupelekwa kwake kwenye kadi ya simu bila mega hata moja.

Hapa inaingia lugha, ambayo wauzaji hawaitaji kamwe. Bibi zetu husema Kibemba na Kiswahili. Kifaransa wanakisikia kama mvua juu ya bati. Chaneli nyingi za dishi zinasema Kifaransa, nyingine Kiingereza, na hata KTO, televisheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa Paris mwaka 1999 kwa juhudi za Kardinali Lustiger, husali kwa Kifaransa. Redio Okapi, tangu ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, hutoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Redio Vatikani ina idhaa yake ya Kiswahili. Basi wazee waliosema tubaki na redio hawakusema neno la kizamani. Chaneli mia ambazo bibi hazielewi, kwake ni sawa na picha za ukutani, na nyumba inayozinunua imemtoa bibi katika mazungumzo ya jioni. Tunapolinganisha, tuhesabu zile tu zinazoeleweka na watu wote wanaokaa sebuleni. Katika nyumba nyingi za hapa hesabu hiyo itaishia kwenye vidole vya mkono mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo sisi walei Wakatoliki wa Kongo hatuna ruhusa ya kulisahau. Tarehe 31 Desemba 2017 Kamati ya Walei ya Uratibu iliwaita waamini waandamane kwa amani kudai uchaguzi; intaneti na ujumbe mfupi wa simu vikakatwa nchi nzima. Maandamano yakarudiwa tarehe 21 Januari na 25 Februari 2018, na damu ikamwagika: Thérèse Kapangala aliuawa Januari, Rossy Mukendi aliuawa Februari. Mwaka huohuo ulipokwisha, baada ya kura ya tarehe 30 Desemba, intaneti ilikatwa tena kuanzia siku iliyofuata hadi karibu tarehe 19 Januari 2019, hata matangazo ya RFI kwenye redio yakazimwa, wakati ambapo Kanisa lilikuwa limetawanya wachunguzi wapatao 40,000 katika vituo vya kura. Kwa hiyo wanaotuambia tuweke kila kitu, habari, fedha, masomo na sala, ndani ya simu, watuambie pia tutafanya nini siku mtandao utakapofungwa kwa amri. Kijiji chenye redio, dishi na simu kina milango mitatu. Hatupendi kuona milango miwili inajengewa ukuta kwa sababu wa tatu umepakwa rangi mpya.

Mlango huo mpya ni Starlink. Machi 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na simu nchini, ilionya kwamba kuitumia ni kuvunja sheria. Mei 2025 ikapewa leseni. Ubora wake hatuukatai. Setilaiti zake huzunguka chini, kilomita zipatazo 550 tu juu yetu, na kwa hiyo mazungumzo hayachelewi kama yanavyochelewa kupitia setilaiti ya mbali. Haingoji mnara wala waya. Kwa kijiji kilicho njia panda ya barabara ya Kasenga na ile ya Kilwa na Pweto, ambako magari ya samaki hupita na waya za mji hazifiki, hilo si jambo dogo. Lakini chombo chenyewe hununuliwa kwa fedha nyingi kwa mara moja, malipo yake ya mwezi yamezidi uwezo wa nyumba ya kawaida hapa, na kina njaa ya umeme.

Tuhesabu njaa hiyo. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba Wh 1,200. Ikiwa ni ya asidi, fundi mwaminifu atakuambia utumie nusu tu, Wh 600, ukitaka idumu. Televisheni ndogo pamoja na dekoda hula kama W 40: betri hiyo itaziendesha saa 15. Chombo cha kawaida cha Starlink hula kama W 75: saa 8, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Paneli ya W 100 hukusanya kama Wh 500 kwa siku nzuri. Juni ni kiangazi kwetu, jua lipo; lakini Januari, mawingu yakikaa siku tatu, mwenye paneli moja atachagua kati ya intaneti na taa ya mwanafunzi. Wauzaji wa mjini hawaongezi bei ya paneli na betri katika bei wanayokutajia, kwa sababu wao wana waya wa SNEL, hata kama nao hukatika.

Kutokana na hayo yote, tunaona kwamba kwa nyumba moja moja za Kasomeno, dishi dogo lenye malipo ya siku au ya juma, pale kampuni inapoyaruhusu, ni afadhali kuliko mega zinazonunuliwa na watu watatu wasiotazama kitu kimoja. Simu tatu katika nyumba ni vyumba vitatu vilivyofungwa. Televisheni moja, pamoja na kasoro zake, huwafanya watu wabishane, wacheke pamoja, na mama aone kinachoonekana. Lakini ununuzi huo ufanywe na nyumba yenyewe kwa fedha zake, baada ya kulipa ada na kuweka unga wa mwezi. Asiyeweza bado hajakosa kitu cha lazima kwa uhai wala kwa wokovu.

Kuhusu mfuko, hoja ya wanaotaka mkopo tumeisikiliza kwa heshima. Wanasema fedha zimelala, na zitarudi na faida ndogo. Sisi tunajibu kwamba mkopo wa mbegu huzaa mahindi, mkopo wa nyavu huleta samaki, na vyote viwili hujilipa. Mkopo wa dekoda huzaa deni jingine kila mwezi. Na fedha za wagonjwa hazilali. Zinakesha. Mwanamke akipata uchungu usiku na pikipiki ya kumpeleka hospitali ikadai malipo kwanza, hatutaweza kumwambia angoje mpaka fainali ipite.

Intaneti ya pamoja ni habari nyingine, kwa sababu inagawana gharama ambayo nyumba moja haiwezi kuibeba, na kwa sababu kuna mambo ambayo mvua ya televisheni haiwezi kuyafanya: mwalimu kupata kitabu, mganga wa zahanati kumwuliza daktari wa Lubumbashi, mwanafunzi kupata matokeo ya Mtihani wa Taifa bila kumlipa mtu wa kati, katekista kupokea masomo ya juma. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa kijana wa kompyuta. Aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi, na wakati huohuo alijiwekea kipimo cha michezo ya video. Vijana wetu wanapenda kumtaja kwa lile la kwanza. Tunawaomba wamtaje pia kwa la pili.

Tunapendekeza basi mchango wa pekee, ulio mbali na mfuko wa wagonjwa, kwa chombo kimoja kitakachowekwa kwenye ukumbi wa kanisa kwa ruhusa ya Padri. Bei ya paneli na betri ihesabiwe tangu mwanzo, pamoja na malipo ya miezi kumi na miwili, kwa maana tumeona vyombo vingi vya msaada vikigeuka viota vya kuku kwa sababu mfadhili alinunua chombo na kusahau mwezi wa pili. Masharti ya kampuni yasomwe na mtu anayejua Kifaransa cha mikataba kabla ya faranga moja kutolewa, hasa juu ya matumizi ya watu wengi, kwa kuwa huduma ya nyumbani kwa kawaida hairuhusiwi kuuzwa tena. Mchana kiwe cha walimu, zahanati na wanafunzi. Jioni kwa saa chache cha wote. Usiku kizimwe na betri ipumzike. Mabinti wapewe zamu yao iliyoandikwa, la sivyo wavulana watakaa mbele ya kioo toka mwanzo hadi mwisho, na sote tunalijua hilo. Ufunguo ukae kwa watu wawili, mmoja awe mama.

Kuhusu Kombe la Dunia, wanaotaka kutazama pamoja ukumbini wanaweza kukubaliana na mwenye dekoda, bila kiingilio, baada ya kuhakikisha kwamba masharti yake yanaruhusu, kwa mechi chache watakazozichagua mapema, na wazazi wawepo.

Kila nyumba inaombwa kuja kwenye mkutano mkuu na karatasi moja: kiasi ilichotumia kwa mega na unite katika majuma manne yaliyopita, kikiandikwa siku kwa siku na kila mwenye simu nyumbani, bila kumtaja nani alitumia nini. Karatasi zitajumlishwa mbele ya wote kabla ya kura.